Namba ya Mama Mkwe

Wiki iliyopita kwenye safu hii niliwaacha nimelala sakafuni, kati ya mashine ya kufulia na mitungi ya matango ya siki. Kisa cha leo kinanikuta palepale, ahsanteni kwa kuuliza.

Kwa waliochelewa kujiunga nasi, jina langu ni Merle Tibbets. Nilikuwa fundi wa kupachika madirisha kwenye nyumba za magurudumu kule Elkhart, jimbo la Indiana. Kiwanda kikapunguza watu, nami nikapunguzwa. Nyumba ya kupanga ikaenda, gari likaenda, na mimi na mke wangu Greta tukaenda kujibanza kwenye chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ya mama yake hapa Niles, ng'ambo ya mpaka, jimbo la Michigan. Baada ya visa mnavyovijua, nikapata kazi kwenye duka la bangi.

Ni duka halali, sheria ya Michigan inaruhusu, msinitolee macho. Leseni iko ukutani, maegesho yapo, na choo chake ni kisafi kuliko cha benki. Ila mama mkwe wangu, Bi Henrika Kooistra, hataki kusikia habari za leseni. Yeye ni mpiga kinanda wa kanisa, Mholanzi wa kizazi cha nne, mtu asiyetupa hata kikamba cha kufungia mfuko wa mkate.

Siku tuliyohamia alinishika mkono juu ya ngazi ya kushukia chini.

"Merle mwanangu, mtakaa humu mpaka mjipate. Sharti langu ni moja tu. Bangi isiingie nyumba hii. Atakayeiingiza atatoka nayo, awe mkwe, awe mtoto wangu wa kuzaa."

Basi nikamwambia nimepata kazi ya kuuza mbegu na mbolea za bustani kwenye duka liitwalo Mto Kijani. Greta akanisindikiza kwa uongo wa kwake: akasema harufu ninayorudi nayo ni ya mbolea ya samadi. Mama akaamini, akaanza kunisifu jirani kwa jirani kwamba mkwe wake ni mtu wa udongo.

Tukaishi hivyo kwa raha zetu mpaka bosi wangu, Darlene Vandermolen, alipokwenda Detroit kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa bangi. Alirudi na mkoba wa bure, kalamu za bure, na neno jipya: data.

"Kuanzia leo," alitutangazia, "hakuna kuagiza mali kwa kubahatisha. Hatutaagiza biskuti za bangi kwa sababu Bernadine ameota ndoto. Tutaagiza kwa sababu namba zimesema."

"Mimi sijawahi kuota biskuti," alinung'unika Bernadine, mwenzangu wa kaunta, ambaye ameendesha basi la shule nusu ya umri wake. "Mimi huota basi limekata breki."

"Nani hapa anajua kupanga hesabu kwenye kompyuta?"

Sikio langu likaniwasha wakati huohuo, nikainua mkono kulikuna. Nikashtukia watu wananipigia makofi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa Mkuu wa Data wa duka la Mto Kijani, cheo kilichokuja na kiti cha magurudumu na hakikuja na nyongeza ya mshahara.

Sasa mnielewe vizuri hapa. Sisi hatumjui mteja kwa jina. Mlangoni tunaangalia kitambulisho ili tuone umri wake, tunamrudishia, basi. Kinachotuambia nani kanunua nini ni namba ya simu anayoitaja kwenye kaunta ili ajazwe pointi za zawadi. Mtu kwetu ni namba.

Nilijifungia ofisini wiki nzima na namba hizo. Jumatatu nikauweka mchoro wangu mbele ya wote, umepakwa rangi nne, nimevaa na tai aliyonipa Greta siku ya harusi. Vijiti vyote kwenye mchoro vilikuwa vifupi vifupi, isipokuwa kimoja kilichopanda mpaka kikagonga kichwa cha karatasi.

Darlene akasimama. "Huyu nani?"

"Mteja mmoja, bosi."

"Mmoja?"

"Peke yake ananunua robo ya mauzo yetu. Namba haziongopi."

"Ananunua nini?"

"Kila kitu. Misokoto, peremende za limau, mafuta ya kuchua viungo, biskuti, maua makavu. Jumatatu iliyopita alikuja mara kumi na moja."

Bernadine akapaliwa na kahawa. Wakati ule nilidhani ni kahawa tu.

"Mara kumi na moja kwa siku," akasema Darlene, macho yamemlegea. "Huyo si mteja, huyo ni ukoo mzima! Hebu nisomee namba yake."

Wiki nzima nilikuwa nikipanga vijiti, tarakimu zenyewe sikuzisoma; sasa nikaanza kuzisoma kwa madaha, moja moja. Nilipofika katikati nikakwama. Namba ile naijua. Naipiga kila jioni kabla ya kupanda basi, kuuliza kama maziwa yapo au nipitie dukani.

Ilikuwa simu ya mezani ya mama mkwe.

Jioni ile tulikula supu ya njegere. Mimi sikuila, nilikuwa namkodolea macho Bi Henrika. Alimaliza bakuli la kwanza, akajipakulia la pili. Akakata mkate. Akarudia supu.

"Mama una hamu ya chakula siku hizi," nikasema.

"Ni baridi, mwanangu."

Redioni wakasema theluji itaanguka hadi Alhamisi, na mama mkwe akacheka. Nawaambia, alicheka! Mtu gani mwenye akili timamu anaicheka theluji?

"Mama," nikamchokoza, "kama ungepewa peremende, ungechagua ya limau au ya cheri?"

"Ya limau," akajibu bila kufikiri. "Cheri inaning'ang'ania kwenye meno ya bandia."

Nikamkanyaga Greta chini ya meza kwa nguvu mpaka akaangusha kijiko.

Tuliposhuka chini nikamwaga yote. Greta akaketi juu ya mashine ya kufulia.

"Mama yangu? Mama huyu aliyezima redio kwa sababu mtangazaji amecheka sana?"

"Namba haziongopi, Greta."

"Mara kumi na moja kwa siku? Na goti lile?"

"Labda anapanda teksi."

"Mama yangu? Teksi?" Akatikisa kichwa, kisha uso wake ukachangamka taratibu. "Merle. Subiri kwanza. Kama ni kweli, si tumepona? Hawezi kutufukuza kwa jambo analolifanya mwenyewe! Utamwambia ukweli, naye atabaki kuangalia dari."

Tulikumbatiana pale kati ya matango kama watu walioshinda bahati nasibu. Tangu tuhamie nyumba ile sikuwahi kulala usingizi mtamu namna ile, na niliamka nikiimba.

Bernadine ndiye aliyeninyamazisha. Nilimkuta kesho yake akipanga misokoto kwenye rafu, nikamnong'oneza kwamba nimemtambua yule mteja mkuu.

"Ah, ile namba," akasema bila hata kugeuka. "Ile ndiyo namba ya Waindiana."

"Namba ya nani?"

"Wee Merle, hivi unauza hapa au unalala? Mtu wa Indiana atakutajia namba yake ya simu? Kwao msokoto mmoja mfukoni ni kesi. Anavuka mpaka, ananunua, anarudi kimya. Ukimwomba namba anakutazama utadhani umemwomba figo. Na mashine yetu ya malipo, usipoingiza namba, inagoma, droo haifunguki. Foleni imefika nje, watu wananuna. Nifanyeje?"

"Ukafanyaje?"

"Kuna ile karatasi ya chumba cha chai, ya namba za ndugu za kupiga mmoja wetu akianguka kazini. Yako iko juu kabisa. Nikaitumia siku moja, ikafungua. Ikawa ndiyo hiyo."

"Bernadine! Ile ni ya nyumbani kwa mama mkwe!"

"Basi kawasaidia watu wengi huyo mama. Na usinilaumu mimi peke yangu, wote wanaitumia ila wewe. Hata Darlene mwenyewe, Jumamosi akishika kaunta."

Nikakimbilia kwenye kiti changu cha magurudumu. Niliifungua namba ile upya, nikaitazama saa kwa saa. Ijumaa, saa saba mchana, mstari ulikuwa unaruka juu ghafla. Mstari ule naujua kama ninavyojua mgongo wangu unavyouma. Ijumaa viwanda vya nyumba za magurudumu kule Elkhart hufunga mapema, na mafundi wakitoka wanatoka kwa pamoja. Walikuwa wenzangu wale! Nimesimama nao kwenye laini ya kiwanda miaka minane, na nilipowaona kwenye mchoro nikadhani ni bibi mmoja mwenye goti bovu.

Lakini hapo nikapata na moyo. Data ilikuwa imesema kitu cha maana, ila hatukuielewa. Tunachohitaji ni kaunta ya pili Ijumaa mchana na misokoto ya bei nafuu karibu na mlango. Basi! Nikaenda kumwambia bosi nikiwa na uhakika atanipandisha cheo hata kabla sijakaa.

Nilimkuta ofisini kwake anachagua rangi za vitambaa.

"Merle, ipi inampendeza mama wa miaka sabini, zambarau hii au hii iliyopauka?"

"Bosi, kuhusu yule mteja…"

"Ndiye ninayemfikiria usiku na mchana. Nimeitafuta namba yake mtandaoni: Bi Kooistra, mama wa miaka sabini, hapahapa Niles. Sikiliza. Tunafunga hapa barabara kuu. Tunahamia mjini, mkabala na nyumba ya wazee. Tunafungua sebule ya kina mama. Viti vya kuegemea, chai, muziki wa kinanda. Kama mama mmoja ananunua robo ya duka, fikiria wakiwa ishirini! Bwana Haan anakuja Jumamosi kutoka Grand Rapids kusaini. Ataweka mtaji wote."

"Bosi, hakuna mama. Ni namba ya kujazia tu. Ni watu wa Indiana. Ukihama barabara kuu, utakuwa umewahama wao."

Akaviweka vitambaa chini polepole. "Jana ulisema namba haziongopi."

"Nilisema kabla sijazielewa."

"Nani alikufundisha data, Merle?"

"Hakuna."

"Mimi nimefundishwa Detroit, siku mbili nzima. Mchoro ulikuwa na kijiti kirefu au haukuwa nacho?"

"Ulikuwa nacho, lakini wewe mwenyewe Jumamosi unaingiza…"

"Basi. Kijiti ni kijiti. Na usijaribu kuifuta namba hiyo, kwa sababu nimeshaifanyia kazi. Asubuhi hii mashine imempigia simu mama huyo."

"Imemwambiaje?"

"Kwamba Mto Kijani unamshukuru, ndiye mteja wetu bora wa mwaka, na pointi zake zote tutazigeuza fedha tulipe jambo lolote jema analolipenda. Aje Jumamosi, na marafiki zake."

"Imemwambia tunauza nini?"

"Wewe nawe! Kampuni za simu hukata ujumbe ukitaja bangi. Imesema 'duka lako la Mto Kijani', basi."

Nilifika nyumbani nikamkuta Bi Henrika jikoni, unga mpaka kwenye viwiko, anapika vitumbua vyake vya lozi vya Krismasi na Krismasi bado iko mbali. Sijawahi kumwona na furaha ile.

"Merle, mwanangu wa udongo! Duka lenu limenipigia!"

"Mama, kuhusu hilo…"

"Eti mimi ni mteja bora! Mimi, niliyenunua pakiti moja ya mbegu za karoti maishani. Nikajua tu, huyu ni Merle. Umenijazia pointi zako za kazini kimyakimya, ukaandika jina langu. Na mimi nilikuwa namwambia Wilma wa kwaya kwamba wewe ni mzito."

"Mama, sikiliza kidogo."

"Unajua nitazipeleka wapi? Kwenye mashine ya kupasha joto kanisa. Imekufa tangu Oktoba. Jumapili iliyopita vidole vimeniganda, wimbo wa nne nimeupiga kwa viwiko. Watu wanaimba na makoti, pumzi zinatoka kama moshi. Nimeomba, nimefunga, nimeandika barua. Na kumbe jibu liko chini ya nyumba yangu, karibu na matango."

Machozi yalimlengalenga. Akanishika shavu kwa mkono wa unga. Sasa niambieni ninyi mnaosoma mkiwa mmekaa penu, mngemwambia? Nilijaribu. Nilifungua mdomo mara tatu, na mara tatu akaniwekea kitumbua ndani.

"Jumamosi nakuja na kina mama wote wa kwaya," akasema. "Kwa gari la kanisa."

Greta aliposikia alijifunika shuka kichwani. "Mwambie unaumwa."

"Nimeshamwambia naumwa. Amesema basi ataenda bila mimi, anaijua barabara."

Jumamosi ikafika, na Greta, mwenye bahati yake, alikuwa na zamu kazini kwake hospitalini. Saa nne asubuhi Darlene alikuwa amevaa suti ya kijani, ana shada la maua mkononi. Pembeni yake alisimama Bwana Haan, mzee mrefu mkavu, kalamu ya kusainia iko tayari mfuko wa kifuani. Gari la kanisa likaingia kwenye maegesho, likatema kina mama saba wenye kofia, kila mmoja na sahani ya vitumbua.

Bernadine alikuwa zamu ya mlangoni. "Vitambulisho, mama zangu."

"Kuonyesha umri? Mimi?" Bi Henrika akacheka, mashavu yakawa mekundu. "Nina miaka sabini na moja, mwanangu. Ahsante sana." Akaingia anaangaza huku na huku. "Wilma, njoo uone, wana milango miwili!"

Kisha akasimama. Akaitazama rafu ya kwanza. Akavaa miwani, akaisogelea, akasoma. Akanusa. Kofia ikatulia kichwani.

"Merle."

"Naam, Mama."

"Hii ni mbolea ya nini?"

"Si mbolea, Mama."

"Naona."

Nyuma yake kina mama walikuwa wameanza kusoma nao, na vitumbua vilikuwa vinateleza kwenye sahani. Mama mkwe alivuta pumzi, na nikajua neno linalofuata ni lile la kufungasha. Kabla hajalitoa, Darlene akamrukia na maua.

"Malkia wetu! Bi Kooistra! Hatimaye!" Akamgeukia Bwana Haan, akafunua karatasi. "Bwana Haan, huyu hapa ndiye niliyekwambia. Mwaka huu pekee, misokoto elfu mbili na mia tatu. Peremende za limau, pakiti mia nane! Siku moja ya Julai alikuja asubuhi, mchana, jioni, na jioni tena!"

"Henrika," akasema Bi Wilma kwa sauti ndogo. "Elfu mbili?"

"Ndiyo maana wimbo wa nne ulikuwa vile," mwingine akanong'ona.

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona rangi inamtoka, mwanamke aliyepigia kanisa lile kinanda miaka arobaini, na karatasi yangu, mchoro wangu wa rangi nne, unamvua nguo mbele ya kwaya nzima. Sikuweza kuvumilia. Acha kazi iende!

"Si yeye!" nikapiga kelele. "Hajanunua hata msokoto mmoja! Hiyo ni namba ya kujazia tu, kila mtu wa Indiana asiyetaka kutaja yake tunamwingizia hiyo. Si mama mmoja, ni Indiana nzima! Bwana Haan, usihamishe duka. Hao watu wanatoka kiwandani Ijumaa saa saba, na wanapita barabara hii hapa!"

Darlene akawa mweupe kuliko karatasi yake. Bwana Haan akaondoa mkono kwenye kalamu. Na mimi, kwa muda mfupi sana, nilijisikia mtu mwema, nikamtazama mama mkwe nikingoja shukrani.

"Kwa hiyo," Bi Henrika akauliza taratibu, "zile pointi ni za nani?"

"Si za mtu, Mama. Zitafutwa."

"Zitafutwa?" Alilitamka neno lile utadhani nimetupa mkate jalalani. "Zote?"

"Kama hakuna mteja, hakuna zawadi, mama," akasema Bwana Haan. "Wala mimi sina cha kusaini hapa."

"Na mashine ya joto?"

Bwana Haan akainua mabega. Bi Henrika alisimama akiwaza. Akawatazama kina mama, na makoti yao yaliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Akainyoosha kofia.

"Huyu kijana anajisumbua kunificha," akasema. "Namba ni yangu. Ni yangu tangu marehemu mume wangu alipoifunga simu ile ukutani. Kila kilichonunuliwa kwa namba hiyo nimenunua mimi."

"Henrika!"

"Wilma, unataka kuimba na koti mpaka Pasaka?"

Bi Wilma akafikiri. "Hapana," akasema.

"Basi nyamaza."

Darlene alifufuka. Bwana Haan akarudisha mkono kwenye kalamu, ila hakuitoa. Mtu wa Grand Rapids hasaini haraka.

"Jambo moja tu linanitatiza, mama," akasema kwa upole. "Umeingia hapa unashangaa kwamba kuna milango miwili. Naona leo ndiyo mara yako ya kwanza kukanyaga duka hili. Sasa mzigo wote huo ulikufikiaje?"

Mama mkwe wangu hakuwa mzoefu wa uongo. Wa kwanza ulimtoka vizuri, lakini hakujua kwamba utamdai wa pili. Alitazama dari, akatazama maua. Halafu macho yake yakatua kwangu, nami nikaanza kutikisa kichwa, hapana, Mama, hapana.

"Mkwe wangu huniletea nyumbani," akasema.

Kofia zote zikanigeukia.

"Merle." Sauti ya Darlene ilikuwa kama kisu. "Umekuwa ukitoa mzigo dukani kwangu na kumpelekea mtu nyumbani? Unataka tufungiwe leseni? Sema. Ni kweli au si kweli?"

Nikamtazama Bi Henrika. Alikuwa amebana midomo, ila macho yalikuwa yananisihi. Nikawaza: nikikana, nimemfanya mwongo mbele ya kwaya, na leo hiihii tutalala nje. Nikikubali, kazi imekwenda, lakini mama atakuwa na deni la shukrani kwangu maisha yangu yote, na angalau sakafu yetu itabaki. Nilipiga hesabu haraka, kwa kuwa mimi ndiye Mkuu wa Data.

"Ni kweli," nikasema.

"Umefukuzwa," akasema Darlene. "Rudisha kiti."

Mama mkwe akanijia. Akanipiga piga begani kwa upendo wa kweli kabisa.

"Ahsante, mwanangu," akaninong'oneza. Kisha akawageukia kina mama, na akapaza sauti ili hata aliye mlangoni asikie. "Na kwa kuwa amekiri mbele ya watu kwamba ameingiza bangi nyumbani kwangu, sharti langu analijua. Merle, mpigie Greta, mwambie mfungashe. Nataka chini pawe peupe kabla sijapika chakula cha jioni."

Nikaitoa simu mfukoni. Yeye alikuwa ameshafungua mkoba, anatoa miwani.

"Sasa," akawauliza Darlene na Bwana Haan, "hiyo hundi ya kanisa anaiandika nani kati yenu?"